Vali ya Kumi na Saba

Nélida Bruschetti ameombwa achague macho.
Arobaini na mawili, kwa hesabu ya karatasi ya agizo,
ya kukaa juu ya vali arobaini na mbili
katika kiwanda cha mafuta ya alizeti, San Lorenzo,
mto Paraná ukipita nyuma na rangi yake ya chai ya maziwa.

Muuzaji ametoka Rosario na sanduku la ngozi.
Anavipanga vihisi mezani kimoja kimoja
kama mtu anayeuza saa:
hiki cha mkono wa chuma, husukumwa ndipo kiseme;
hiki hakigusi wala hakiguswi, huhisi chuma kikisogea;
na hiki, señora, bei yake haina mpinzani.
Nélida anamimina maji ya moto kwenye kibuyu.
Kinywaji chao huitwa mate, na si mate ya mdomoni:
ni majani machungu, hunyonywa kwa mrija,
na mwenye kibuyu mkononi hahimizwi.
Basi amekaa kimya.

Anaikumbuka ya kumi na saba.

Ilikuwa Julai, baridi imeshika vioo.
Chumba cha udhibiti, taa ya kijani ilisema: imefungwa.
Lisemwalo lipo, walisema wahenga.
Hapa lilisemwa, na halikuwapo.
Mkono wa swichi ulikuwa umegandia kwenye kutu yake,
ukinyoosha kidole pale vali ilipokuwa wiki iliyopita,
na vali yenyewe, nusu wazi,
ikitema heksani bila kelele.
Dalili ya mvua ni mawingu; heksani haina mawingu.
Ni nzito kuliko hewa. Hujilaza sakafuni,
hushuka ngazi, huingia mfereji wa nyaya,
hungoja. Haihitaji moto.
Cheche ya mtu anayevua sweta yaitosha.

Anselmo Ferreyra ndiye aliyeinusa.
Hakuwasha tochi. Hakugusa simu.
Aliifunga kwa mikono, gizani,
akihesabu mizunguko ya gurudumu kwa sauti,
kumi na moja, kumi na mbili,
mpaka chuma kikakataa.
Hakuna kilicholipuka,
ndiyo maana hakuna aliyeandika ripoti.
Sasa amestaafu, anafuga nyuki Carcarañá.

"Hiki cha bei nzuri," anauliza Nélida,
"waya wake ukikatika, kinasema nini?"
Muuzaji anapekua kijitabu. "Kinanyamaza."
"Na vali ikiwa imefungwa?"
Anapekua tena. "Kinanyamaza."
"Kwa hiyo mzima na maiti wana sauti moja."

Anauliza na mengine, bila kuinua macho:
joto la Januari juu ya bomba la mvuke;
Jumamosi, vijana wanapoosha kila kitu kwa mpira wa maji;
alama ya usalama imechongwa kwenye chuma
au imebandikwa? Maana heksani hula gundi,
na karatasi ikidondoka, nani atajua ni kipi kinaruhusiwa hapa?

Mkono wake unatua kwenye kile kisichogusa.
Miliampea tatu, wazi. Moja, imefungwa.
Sifuri, nimekufa, njoo unitazame.
Umeme mdogo hivyo, hata nyaya zake zikikatwa
na kusuguana mbele ya mvuke wenyewe,
hautaweza kuwasha kitu.

Miaka yote aliambiwa achague chenye nguvu:
pampu, trekta, mume.
Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.
Anaandika 42. Bei ni mara tatu ya ile nyingine.
Mhandisi Zubeldía atapiga meza; meza imezoea.

Oktoba, kihisi cha kwanza kinafungwa kwenye ya kumi na saba.
Anazungusha gurudumu, anapanda ngazi, anatazama taa.
Kijani. Imefungwa.
Anaiangalia muda mrefu.
Kisha anashuka tena
kwenda kuishika vali kwa mkono.